Ngoja Nibadilishe Nguo

Katika simu yangu mkono wa mama upo mara nyingi kuliko uso wake. Upo pale mwanangu anapofundishwa kutembea: umeshika vidole viwili vidogo, halafu unakatika kwenye kiwiko, mahali picha inapoishia. Upo ukishika kijiko cha uji. Upo ukifunga kamba za viatu. Kidole gumba kina alama nyeusi chini ya ukucha, pale sindano ya cherehani ilipopenya kabla sijazaliwa, na alama hiyo inaonekana vizuri kwa sababu nilikuwa mtu makini sana na mwanga.

Nilianza kupiga picha hizo wiki aliyozaliwa mwanangu. Tulikuwa tunaishi Ruiru, mimi na yeye, chumba kimoja ghorofa ya nne, dirisha likitazama matangi ya maji ya ploti ya jirani. Baba yake alikuwa ameshaamua kwamba yeye si baba wa mtu, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Nilifanya kazi ya kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika kwenye kompyuta. Mchana kutwa niliandika maneno ya watu nisiowajua, na katikati yake nikainua simu na kumpiga mtoto picha. Kila siku, angalau moja. Sikupanga kitu. Sikumpangusa makamasi kwanza. Sikumwambia mtu acheke. Na sikutaka mtu aangalie kamera, kwa sababu niliamini kwamba mtu akishaiangalia ameanza kusema uongo.

Imani hiyo ilitoka kwenye albamu ya mama. Utoto wangu wote umo humo katika picha saba, zote za studio moja mjini Thika, mbele ya pazia lililochorwa ngazi nyeupe na maporomoko ya maji. Katika picha zote saba nimesimama wima, mikono imebanwa mapajani. Katika moja nimevaa viatu vyeupe. Viatu hivyo navikumbuka kwa sababu vilinibana, na vilinibana kwa sababu vilikuwa vya studio. Mwaka huo mama alikuwa amefukuzwa kiwandani na tulikuwa tunakula ugali na chumvi. Ukitazama ile picha utadhani tulikuwa watu wa viatu vyeupe.

Nilitoka chuo kikuu cha Juja na tabia ya kuuliza kila kitu kimetoka wapi na kinamfaidi nani. Niliuliza kuhusu mahari, kuhusu sadaka, kuhusu kwa nini wanawake wanapika harusini na wanaume wanakata keki. Na nikauliza kuhusu albamu.

"Maitu, mlikuwa mnapigwa picha kama watu wameshtakiwa," nilimwambia mama siku moja. Maitu ndivyo tunavyowaita mama zetu kwetu.

"Na nyinyi mnapiga kama watu wameshikwa wakiiba," akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mtoto ana makamasi mpaka kwa kidevu. Si umpanguse?"

"Makamasi ni ukweli."

"Haiya. Basi piga na choo. Hiyo pia ni ukweli."

Mama alishona sare za shule. Aliishi Kamenu, mtaa wa Thika, vyumba viwili, cherehani karibu na mlango ili apate mwanga, na ukutani picha zilizofunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Kila Jumamosi alikuja Ruiru kunisaidia na mtoto. Mtoto huyo alikuwa na jina la mama. Kwetu, msichana wa kwanza wa mwanamke asiyeolewa hupewa jina la mama wa huyo mwanamke, na hilo ni jambo moja ambalo sikulihoji, labda kwa sababu sikuwa na jina bora. Kwa hivyo nilipomkaripia mwanangu kwa jina lake, mama aligeuka. Walipokuwa wawili chumbani, mama alimwita wajina, na mtoto naye, alipojua kusema, akamwita wajina vilevile, kama wazee wawili wa kanisa wanaosalimiana, ingawa akimtaja kwa wengine alisema shosho, yaani nyanya.

"Siku yangu ikifika," mama alisema mara nyingi, akimsugua mtoto magoti, "wajina ndiye atanibeba mbele. Si ndiyo, wajina?"

"Ndiyo, wajina."

Alikuwa na maana ya picha. Kwenye mazishi ya kwetu kuna picha kubwa ya marehemu, yenye fremu, inayotangulia jeneza, na katika familia yetu huibeba mjukuu mwenye jina lake. Mama alilisema jambo hilo kwa furaha, kama mtu anayezungumza kuhusu ubatizo. Mimi nilibana mdomo. Niliona ni kumjaza mtoto mauti kichwani.

Na kila nilipoinua simu, alisema maneno yaleyale: "Ngoja nibadilishe nguo."

Kwa sababu alikuwa amefunga leso kiunoni. Kwa sababu alikuwa amevaa sweta yangu ya shule ya upili iliyotoboka kwapani. Kwa sababu kitambaa cha kichwa hakikuwa kile cha kutoka. Alisema "ngoja" huku akiinama au akijisogeza pembeni, mwili ukitoka kwanza, mkono ukifuata mwisho kwa kuwa ulikuwa umemshika mtoto. Mimi sikungoja. Ukingoja, uji unakauka mdomoni, mtoto anaacha kucheka, kitu ulichokuwa unakiona kinakwisha na unabaki na mtu aliyevaa vizuri. Nilimwambia hivyo.

"Na hicho ni kitu kibaya?" aliuliza. "Mtu aliyevaa vizuri?"

Lazima nieleze kuhusu koti.

Nilipomaliza chuo, mama alijishonea koti la siku ya mahafali. Lilikuwa la bluu iliyoiva, lenye mkanda kiunoni na vifungo vinne, kila kimoja amekivika kitambaa kilekile cha koti, kazi ya vidole ya jioni nyingi. Alikuwa na picha yake akilini tayari. Mimi katikati na joho, yeye kulia kwangu, maua ya chuo nyuma yetu. Alinionyesha hata atakavyoshika mkoba.

Nilikataa kwenda. Nilimwambia joho ni la kukodi, kofia ni ya kukodi, na ile furaha yote pia ni ya kukodi, kisha jioni inarudishwa. Leo naweza kuongeza kwamba nilikuwa na mimba ya miezi mitano na joho lisingeificha yote. Wakati ule nilisema ni msimamo. Cheti nilikichukua baadaye dirishani, ndani ya bahasha ya kaki, siku ya mvua.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Sawa. Lakini ungeniambia kabla sijavika vifungo."

Koti lilining'inia nyuma ya mlango wake Kamenu, ndani ya mfuko wa nailoni, zaidi ya miaka minne. Hakulivaa kanisani wala kwenye harusi ya mtu. Halafu Desemba moja nilimkuta amelifumua. Alikata humo koti dogo la mtoto kwa ajili ya Krismasi, lenye mkanda na vifungo vitatu.

"Kitambaa kilikuwa kimekaa bure," alisema, na pini mdomoni.

Nilimpiga mtoto picha na koti lake jipya. Anakimbia, kwa hivyo ni mgongo. Pembeni, chini kabisa, kuna mkono unaotaka kurekebisha pindo.

Mama alianguka mwezi wa saba mwaka uliofuata, asubuhi, kwenye cherehani. Jirani alisikia pedali ikinyamaza na kitu kikidondoka. Nilipofika hospitali Thika kutoka Ruiru walikuwa wameshamfunika. Daktari alisema ni presha, mshipa kichwani, na kwamba hakuumia sana. Niliuliza anajuaje hakuumia. Alinitazama kwa uchovu, na tata, dada mdogo wa mama, akanishika bega akanitoa nje.

Kamati ya mazishi ilikutana Kamenu kila jioni, viti vya plastiki mpaka uani, chai ya maziwa kwenye birika kubwa la kanisa. Mjomba, kaka ya mama, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa na daftari na alipenda kulifuata: nani atapika, nani ataleta hema, nani atachimba kaburi kule Kalimoni, kwenye shamba dogo la babu. Akafika kwenye picha.

"Picha ya fremu na za kile kitabu cha wasifu. Zinatakikana kwa printa kesho."

"Picha niachie mimi," nilisema. "Nina elfu kumi na moja."

Mama mmoja wa kanisa alicheka ndani ya kikombe. "Elfu kumi na moja! Hata malaika wakija hawatauliza kitambulisho."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kwamba nilijiona nina faida. Wengine walikuwa wameleta unga, wameleta kuni. Mimi ndiye mpiga picha wa familia. Mjomba akaweka alama kwenye daftari na kusonga mbele.

Asubuhi iliyofuata niliketi Ruiru kwenye kitanda, mtoto akiwa kwa jirani, nikaanza kutafuta. Nilianza mwanzo, mwezi baada ya mwezi. Mkono. Mkono na kijiko. Pindo la leso na mguu. Kisogo. Bega linalotoka. Nusu ya uso nyuma ya taulo. Mwaka wa pili: mkono, kiwiko, kivuli ukutani ambacho nilikumbuka nilikipenda sana, kivuli cha mtu anayekunja nepi. Nilikuwa hata nimekiita kizuri, siku ile, kwa sauti, na mama akauliza, "Kipi?" Mwaka wa tatu mkono ulikuwa umekonda kidogo. Niliona hilo sasa. Sikuliona wakati ule, na nilikuwa nautazama kila wiki.

Kufika saa saba mchana nilikuwa nimepitia zote. Nilianza tena kutoka mwisho kurudi nyuma, kana kwamba zikienda kinyume atageuka.

Nilimpigia tata simu. Alisema kwenye kundi la akina mama wa kanisa kuna moja. Akaituma: safu ya nne, nyuma ya kofia ya mtu, uso mkubwa kama punje ya hindi. Albamu ilikuwa na moja ya studio, mama akiwa na mimi nikiwa na miaka mitatu. Mjomba aliitazama akaikataa.

"Huyu ni msichana. Watu watauliza tunazika nani."

Kitambulisho kilibaki, lakini picha ya kitambulisho ilikuwa imefifia, macho yamekuwa mashimo mawili ya kijivu, kilichobaki wazi ni mdomo tu. "Wewe si ulisema elfu kumi na moja?" mjomba aliuliza. Hakuwa na ukali, alikuwa anataka kuelewa. "Sasa ulikuwa unapiga nini?"

Kulikuwa na moja. Niliipita mara mbili kabla ya kukubali kwamba ndiyo hiyo. Mama amechuchumaa kwenye beseni akimwosha mtoto. Ana sweta iliyotoboka, povu mpaka kwenye kiwiko, kitambaa cha kichwa kimerudi nyuma na mvi zinaonekana. Ananitazama moja kwa moja. Mkono mmoja ameuinua kunizuia, na mkono huo umefunika mdomo na kidevu. Ni picha pekee ambamo macho yake yako kwenye kamera, na yako pale kwa sababu ananiambia ningoje.

Niliipeleka kwa saiba moja Thika, duka la kompyuta na kopi, ambayo tata aliisifu. Mwenye kazi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba, sweta mbili moja juu ya nyingine kwa ajili ya baridi ya mwezi huo. Alinyoosha mkono akachukua simu yangu.

"Pole sana. Ni mathe?"

"Ni mama."

"Kuna ingine?"

"Ni hiyo, na hiki kitambulisho."

Aliikuza kwa vidole viwili mpaka uso ukajaza kioo. "Nani alipiga?"

"Mimi."

"Mbona ulipiga mtu akikataa?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta. "Usijali. Macho ni mazuri, na macho ndiyo kazi. Mdomo tutaomba kwa kitambulisho. Sasa huyu tutamvalisha nini?"

Alifungua faili moja, na humo mlikuwa na mavazi matupu yaliyopangwa mistari, shingo hazina vichwa. Suti za wanaume, za wanawake, mashati, gauni za kanisani. "Tunavalisha watu kila wiki," alisema. "Kuna mzee hapa hakuwahi kuvaa tai maisha yake yote. Nikampatia ya maua. Bibi yake alicheka hadi akashika meza. Ati, huyo sasa ndiye nilikuwa naomba Mungu." Akanitazama juu ya miwani kuona kama nimecheka. "Chagua. Nyeusi, maruni, bluu. Hii ya lesi wacha, hiyo ni ya wenye walikuwa wanene."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu jambo hilo. Chuoni niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu picha na uongo, na nilipata alama nzuri. Nilikuwa nimewahi kuwacheka watu wa mazishi fulani ambao marehemu wao alivikwa suti yenye kola pana kuliko mabega yake. Nilifungua mdomo kusema tuache tu, tuweke beseni, tuweke sweta na povu, kwamba huyu ndiye mama yangu na asiyempenda hivyo asije Kalimoni. Halafu nikaona ule mkono uliofunika mdomo.

"Bluu," nilisema.

"Sawa, hii."

"Ina vifungo vya dhahabu."

"Ndiyo, ni smati."

"Unaweza kuvifanya viwe vya bluu? Kama vimevikwa kitambaa?"

"Vifungo? Mamii, hakuna mtu ataangalia vifungo."

"Yeye angeangalia."

Akavua miwani akaifuta kwa sweta ya juu. Kisha akaivaa tena, akavuta kiti karibu na kioo. "Vingapi?"

"Vinne. Na mkanda."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, huku watu wakiingia kutoa kopi na kusema kumbe baridi ya mwaka huu haina huruma. Nilikaa zaidi ya saa mbili. Sikushika simu. Mama yangu alikuwa anabadilishwa nguo, na mimi nikangoja.

Siku ya mazishi ukungu ulikuwa umeishika Kalimoni tangu alfajiri na haukutaka kuachia. Mabua ya mahindi yalikuwa yamelowa, viatu vya watu vikabeba udongo mwekundu mpaka chini ya hema. Mtoto alikuwa na miaka mitano kasoro kidogo. Tata alimvalisha koti la bluu, ambalo mikono yake ilikuwa imeshaanza kuwa mifupi, na akamfundisha namna ya kushika fremu, huku na huku, isimpige magoti. Gari lilipofika na jeneza likashushwa, mjomba akaleta picha imefunikwa kitambaa cheupe. Akakifunua.

Mtoto aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akarudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Huyu si shosho."

"Ni yeye, wajina wako," tata akasema. "Ni vile tu amevaa vizuri."

"Shosho hana mdomo hivyo."

Watu wa mbele walisikia. Mwimbishaji alishusha sauti kidogo halafu akaendelea. Wabebaji walikuwa wameshainua jeneza na uzito ulionekana shingoni mwao. Mjomba aliinama.

"Mami, shika tu. Tunaenda hapo karibu."

"Sishiki. Si yeye."

"Basi apewe mwingine," mjomba aliniambia kwa sauti ya chini, na tayari alikuwa anamtafuta kwa macho binti wa binamu yangu, mkubwa, mwenye jina la mtu mwingine. "Huyu ni mdogo. Hatutamlazimisha."

Nilichuchumaa kwenye matope. Nilikuwa nimemlea mtoto huyu kwa ukweli. Nilimwambia sindano itauma kabla haijauma. Nilimwambia baba yake yuko hai na hataki kuja. Alipouliza kuku wa Krismasi amekwenda wapi, nilimwonyesha sahani. Na alikuwa sahihi: mdomo ule ulikuwa wa miaka mingi iliyopita, umeazimwa kutoka kwenye kitambulisho, na mwili haukuwa wa mtu yeyote. Kati ya watu wote waliokuwa wamesimama pale, ni yeye peke yake aliyefanya kile nilichokuwa nimemfundisha.

"Ni shosho," nilisema. "Ona koti. Hili lilikuwa lake kabla ya kuwa lako. Alilivaa, akasimama vizuri, nikampiga picha."

Alinikagua usoni. "Wewe ndiye ulipiga?"

"Mimi."

"Alikuwa anacheka?"

"Kidogo."

Akatazama vifungo kwenye picha, akatazama vyake. "Vyangu ni vitatu."

"Lake lilikuwa kubwa."

Alifikiri. Nyuma yetu mbebaji mmoja alikohoa. Kisha mtoto akatoa mikono mgongoni, akashika fremu huku na huku kama alivyofundishwa, na tukaanza kutembea. Mpiga picha aliyekodishwa na kamati alitembea kinyumenyume mbele yetu akiita, "Angalia hapa, msichana, hapa, hapo sawa." Mtoto aliangalia. Picha hiyo ninayo. Amesimama wima, hatabasamu, fremu imemfunika kifua chote, na macho yake yako katikati ya kamera. Kama mtu aliyeshtakiwa. Hakuna picha yake nyingine ya wazi namna hiyo.

Fremu sasa iko ukutani kwetu Ruiru, kwa sababu mjomba alisema iende kwa mwenye jina. Mwanzo sikuweza kuitazama, niliona tu mahali mdomo ulipoungwa. Mtoto hana shida nayo. Mgeni akija anamwonyesha. "Hapa shosho alikuwa amevaa koti langu likiwa lake. Mami alimpiga picha." Wiki moja anaongeza kwamba kulikuwa na maua. Wiki nyingine kwamba shosho alikuwa na mkoba. Sijui mkoba aliutoa wapi, mimi sikumwambia. Namsikiliza nikiwa kwenye jiko, naacha yaende. Nilitaka awe na ushahidi, asitegemee masimulizi ya mtu. Nina picha elfu kumi na moja, na kati ya zote anachokumbuka ni siku ambayo haikuwepo.

Picha nimepunguza. Siku nyingine nainua simu halafu nairudisha chini.

Jumamosi moja, wakati wa mvua za vuli, nilikuwa nakunja nguo naye amelala kifudifudi kitandani akipekua simu yangu. Akaacha kupekua. Nikajua kabla sijageuka.

"Mami, hapa shosho amekasirika?"

Ilikuwa ile ya beseni. Nikaketi kando yake. "Hajakasirika."

"Mbona ameweka mkono hivi?"

"Alikuwa ananiambia ningoje. Alitaka kwenda kubadilisha nguo."

Aliitazama, kisha akainua kichwa akaangalia ukutani, kisha akarudi kwenye simu. Niliona mambo yakijipanga machoni mwake, moja mbele ya lingine. Hesabu za miaka hazikumsumbua.

"Ukangoja," alisema, "akaenda akavaa koti."

Nguo ilikuwa mkononi mwangu, soksi yake moja. Nje mvua ilipiga matangi ya jirani.

"Nikangoja," nilisema.

"Na mimi nikabaki kwa beseni?"

"Ukabaki kwa beseni."

"Maji yakapoa?"

"Kidogo."

Akaridhika. Akasogeza picha kwa kidole, ikaja nyingine: mkono, kiwiko, kijiko cha uji.